Pete ya Kumi na Mbili

Gogo la arobaini na moja lilifika maabara Jumatatu asubuhi, limeviringishwa turubai la bluu, na mihuri mitatu ya mahakama juu yake haijaguswa. Dokta Somoe Likongo alilipokea mwenyewe. Alikuwa na mafundi wanne waliofunzwa kazi ile, lakini magogo ya mpingo yaliyotoka Msitu wa Mihinga hakumwachia fundi yeyote. Watu wa Nangumbe waliona ni mapenzi. "Yule mama anaipenda mipingo kama aliizaa," walisema, redio ya mji ikayarudia maneno hayo, na Somoe hakumsahihisha mtu.

Hayakuwa mapenzi. Ulikuwa woga, na alikuwa nao mwaka wa tisa sasa.

Alikata kipande cha ukubwa wa kiganja, ganda likiwa bado limeshika, akakilaza juu ya kitanda cha chuma cha mashine, akafunga kifuniko. Mashine yenyewe ilikuwa na jina refu kwenye makaratasi, ila nchi nzima iliiita Sikio. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mwanga mwembamba kuliko unywele ukaanza kupita juu ya mti, tabaka kwa tabaka, kutoka kwenye ganda kwenda kwenye kiini.

Mpingo hauna haraka. Kwa mwaka mzima huongeza pete moja tu, nyembamba kama ukucha. Mvua za kwanza zinapoanguka na utomvu kupanda, pete hiyo mpya huwa laini kama unga uliokandwa, na kila sauti inayotoka karibu na shina huitikisa. Kisha mafuta ya mti hukauka na mtikisiko ule umo ndani, haufutiki tena. Somoe ndiye aliyegundua namna ya kuusoma. Sikio lilitoa kwanza upepo, halafu nyenje, halafu hondohondo na nyani, likavitupa vyote hivyo, likabakiza watu.

Tangu Sikio litoe ushahidi kwa mara ya kwanza mahakamani, misitu ya kusini ilikuwa imebadilika. Wakata magendo walijifunza kusemezana kwa vidole. Warina asali walisalimiana kwa kuinua mkono. Kijijini Chikole kulikuwa na watu ambao hawakuthubutu kugombana na wake zao karibu na mti wowote, hata mpapai, ingawa mpapai hausikii kitu. Na kulikuwa na Sheria ya Mti Shahidi, iliyosema kwamba sauti ya mti ni ushahidi halali kwa sharti moja: isomwe nzima, kutoka ganda mpaka kiini, bila kukatwa popote. Sharti hilo Somoe ndiye aliyelidai mbele ya kamati ya Bunge. "Asije mtu akachagua mti useme nini," alisema siku ile, na wajumbe wakampigia makofi.

Spika ya mezani ilikwaruza. Pete ya kwanza, ya mwaka uliopita, ikaanza kusema.

"Nimesema pakieni! Mnaniangalia nini kama mabubu? Jumamosi magogo haya yawe bandarini. Mkiulizwa, semeni ni mkaa."

Somoe aliruka kutoka kwenye kiti. Sauti ile aliijua, kila mwanakampeni wa kulinda misitu aliijua. Ilikuwa ya Salehe Mtopwa, mfanyabiashara aliyekuwa ametoka mahakamani mara tatu akitabasamu kwa sababu hakuna mti uliowahi kumsikia. Miaka yote alikuwa mwangalifu, anaelekeza kwa fimbo tu. Na sasa hasira za siku moja, kwa vijana waliochelewa kupakia, zilikuwa zimemponza. Somoe alipiga makofi peke yake maabarani kama mtoto.

Mashine iliendelea. Pete ya pili, kimya. Ya tatu, wanawake wawili wanaokota kuni, wanamsema mkwe wa mtu. Ya nne mpaka ya kumi, kimya, kikohozi, kimya. Ya kumi na moja, mtu anaimba kwa kukosea maneno. Somoe alikuwa ameshika simu ampigie wakili wa serikali ampe habari za Mtopwa, ndipo pete ya kumi na mbili ikasema kwa sauti ya msichana.

"Zamu ya Hemedi inaisha Alhamisi adhuhuri. Anayempokea hafiki mpaka Ijumaa, gari lao bovu. Hapo katikati hakuna mtu."

"Una uhakika?" aliuliza mwanamume.

"Kaniambia mwenyewe. Hawezi kunidhania vibaya, ananiita mwanangu. Chakula nakula kwao."

"Na wewe unataka nini?"

"Vipande vitatu. Vibichi, mara tu mti ukianguka. Lakini mti mmoja, tumeelewana? Mmoja tu."

Mwanamume alicheka.

Somoe alibonyeza kitufe, mashine ikanyamaza. Aliweka simu chini, mgongo wake juu, asiione hata saa yake.

*

Miaka kumi na miwili nyuma Somoe alikuwa mwanafunzi wa utafiti, mwembamba, mkaidi, na wazo lake kichwani halimpi raha. Aliamini miti ina sauti ndani yake. Ili kuthibitisha alihitaji vipande vya mpingo wa zaidi ya miaka mia, vilivyokatwa mti ukiwa hai. Aliomba kibali mara tatu na mara tatu akanyimwa, kwa sababu mipingo mikubwa ilikuwa imebaki michache mno hata kwa ajili ya elimu.

Wakati huo alikuwa akipima miti Mihinga. Askari wa msitu wa upande wa Kitope, Hemedi Nachinuku, alimwonyesha njia zote, akamfundisha kutofautisha unyayo wa mnyama mmoja na mwingine, pofu na kuro, akampeleka nyumbani kwake Chikole kwa mkewe, Bi. Asumini, ambaye watu walimwita Mama Esha. Kwa miezi saba Somoe alikula katika nyumba ile. Alikuwa na sahani yake.

Wale wakata magendo aliwakuta msituni kwa bahati mbaya, au ndivyo alivyojiambia. Walitaka saa za doria, yeye alitaka vipande vitatu. Hakupokea kingine chochote. Alhamisi hiyo mchana na usiku wake walikata mipingo thelathini na saba.

Hakuna aliyejua ratiba ile ila Hemedi, mkubwa wake, na Chande, askari mwenzake wa kumpokea zamu. Hemedi akashtakiwa. Mpelelezi alipomuuliza Somoe kama askari huyu alikuwa na tabia ya kutoa siri, Somoe alijibu, "Ni mtu wa kuongea sana." Basi. Maneno matano, na yalikuwa kweli. Hemedi alifungwa miaka minne, na kutoka katika vile vipande vitatu ndipo lilipozaliwa Sikio.

Alipotoka gerezani, Sikio lilikuwa tayari na sifa. Kila mwaka baada ya masika Hemedi alileta barua maabara, kwa mkono wake na kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, akiomba miti iliyozunguka kibanda chake cha lindo isomwe ili ijulikane nani alisema. Kila mwaka Somoe alimjibu kwa adabu kwamba pete za zamani kiasi hicho hazisomeki. Na mwaka mmoja aliposhindwa kuuandika uongo ule, aliandika kwamba sheria hairuhusu kuujeruhi mti ulio hai. Hili la pili lilikuwa kweli. Alijificha nyuma ya ulinzi wa miti, ulinzi alioupigania mwenyewe.

*

Wakili Tumsifu Mbwambo alifika saa sita mchana, anahema kwa furaha. Alikuwa wakili wa serikali katika kesi za misitu, na kwa miaka sita yeye na Somoe walikuwa wakizunguka pamoja, mashuleni, misikitini, makanisani, wakihubiri jambo moja. Alisikiliza pete ya kwanza mara tatu.

"Amekwisha!" alisema. "Somoe, dada yangu, amekwisha. Alhamisi tunamfunga, na mwezi ujao Bunge likikaa, miti ya mninga na mkongo nayo inaingia kwenye sheria, isikatwe. Nani atapinga tena?"

"Kaa kwanza," Somoe alisema. "Kuna kingine."

Akamchezea pete ya kumi na mbili.

Tumsifu alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho wake alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. "Huyu binti ni nani?"

Somoe alizima spika. Tumsifu alimtazama, kisha akaitazama spika, kisha akamtazama tena, na Somoe aliona uso wa rafiki yake ukijifunga taratibu, kama duka.

"Kuna mtu mwingine amesikia?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Sikukemei, muda wa kukukemea nitautafuta. Ukiipeleka hii Alhamisi, hatupotezi wewe peke yako. Wakili wa Mtopwa atasimama aseme mashine imezaliwa na mti wa wizi, aliyeitengeneza ni mwizi, na kila hukumu ya miaka tisa ifunguliwe. Wale waliokamatwa na pembe kule mpakani, wale wa kakakuona, wote wanatoka. Mninga hauingii kwenye sheria. Unajua mininga mingapi itaanguka kwa mwaka?"

"Najua."

"Nipe pete ya kwanza tu. Sema ndani kumeoza, gogo limeliwa na mchwa. Sheria ikishapita, miezi miwili tu, tunalishughulikia la yule mzee Hemedi kwa utulivu. Naapa nitalisimamia mwenyewe."

"Mpingo hauliwi na mchwa," Somoe alisema.

"Sema umeungua wakati wa kukata. Somoe, mimi siwezi kukuambia ufanye nini. Nakuambia tu kitakachotokea."

Aliondoka bila kuaga kwa mkono.

Somoe alibaki na kipande mezani. Halafu alifanya jambo ambalo baadaye alilazimika kulisema mbele ya watu, na lilimwia gumu kulisema kuliko hata yale mengine. Alichukua kifaa cha moto cha kuyeyushia madini ya risasi, akakishikilia juu ya pete ya kumi na mbili. Mpingo haushiki moto upesi. Ulitoa jasho kwanza, mafuta meusi, kisha moshi wenye harufu nzuri ukajaa chumba. Alishikilia mpaka kipande kizima kikawa kama kaa.

Alipogeuka, gogo lilikuwa palepale juu ya turubai la bluu. Urefu wake ulikuwa mita mbili na nusu, na kila kiganja chake kilikuwa na maneno yaleyale.

*

Jumanne asubuhi Somoe alienda Chikole. Hakwenda kwa ushujaa. Baadaye alijichunguza akakubali kwamba alikwenda akitumaini kuambiwa asiseme.

Hemedi alikuwa kwenye tanuri la matofali kando ya mto, suruali imekunjwa magotini, anajaza tope kwenye kibao. Alipomwona alinyooka, mkono kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Dokta mzima unakuja kukanyaga tope!" Alinawa upesi, akageuza ndoo juu chini, akaifuta kwa shati lake ili akalie. "Nimesikia redioni. Gogo limetoka Kitope."

"Ndiyo."

"Kibanda changu kilikuwa hatua mia kutoka pale. Lina umri gani?"

"Miaka mia na kumi."

"Basi lilikuwepo." Aliusema ukweli huo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Najua umeshaniandikia mara nyingi kwamba pete za zamani hazi—"

"Zinasomeka, baba. Siku zote zilikuwa zinasomeka."

Maji ya mto yalikuwa machache, yanapita kwa kelele juu ya mawe.

"Umemsikia nani?"

"Nimejisikia mimi."

"Wewe umemsikia nani?"

"Mimi, baba. Aliyewaambia ni mimi. Uliponiambia zamu yako inaisha adhuhuri na gari la Chande bovu, nilikwenda nikawaambia."

Mzee hakupaza sauti. Alichukua kibao, akakijaza tope, akasawazisha kwa kiganja, akapindua tofali chini. Akajaza tena. Somoe aliyahesabu, kwa kuwa hakuwa na pa kuweka macho. Lilipofika la tano, Hemedi alisema bila kumgeukia:

"Mimi nilimdhania Chande. Tulianza kazi siku moja. Alipokufa sikwenda kumzika. Mwanawe alikuja hapa kuniita, nikamwambia naumwa."

Somoe aliyatazama yale matofali matano.

"Kwa nini umekuja leo?" Hemedi aliuliza. "Miaka yote hii, kwa nini leo?"

Ndipo Somoe akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuisikia aibu ya maneno yake mwenyewe. Akamweleza kuhusu Mtopwa, kuhusu sheria, kuhusu mininga na mikongo, kuhusu miezi miwili ya Tumsifu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyofutiwa na yule mtu, anamwomba asubiri.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza mimi," alisema Hemedi.

"Ndiyo, baba."

"Miti ile niliilinda miaka kumi na tisa. Mkono huu uliteguka kwa ajili yake. Usinitwishe kuchagua kati yake na mimi. Hilo ni lako." Alifuta uso kwa mkono wa tope, ukaacha alama. "Nyumbani kwangu usiende. Mama Esha usimwambie."

"Hana haki ya kujua?"

"Anayo. Lakini hataamini. Nikimwambia mimi atadhani nimebuni nimfariji. Ukimwambia wewe atadhani nimekutuma. Miaka kumi na miwili namwambia si mimi, naye ananiitikia, 'Ndiyo, baba Esha.' Ndiyo baba Esha, na anaendelea kuchambua mchele. Hajawahi kunibishia hata siku moja." Aliinama kwenye tope lake. "Mimi sikuhukumiwa hapa kwenye matofali, Somoe. Nilihukumiwa Nangumbe, mchana, watu wamejaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

*

Alhamisi Mahakama ya Misitu ya Nangumbe ilifurika mpaka madirishani. Wanafunzi wa shule tatu walikuwa wameletwa na walimu wao, wamevaa fulana za kampeni zenye picha ya mti wenye sikio. Salehe Mtopwa alikaa kizimbani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Hemedi aliketi benchi ya nyuma kabisa, peke yake.

Jaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mafua, alimwapisha Somoe na kumruhusu aanze. Pete ya kwanza iliposema, ukumbi mzima ulivuta pumzi, kisha watoto wakashangilia, na jaji akagonga meza. Mtopwa alinong'onezana na wakili wake. Tumsifu alisimama haraka.

"Mheshimiwa, upande wa mashtaka unatosheka na hapo. Kwa kuokoa muda wa mahakama—"

"Sheria inasema nzima, Wakili Mbwambo," jaji alisema. "Mlitaka wenyewe."

Tumsifu alimtazama Somoe. Haikuwa hasira. Alikuwa anamwomba. Somoe aliinamisha kichwa, akaiacha mashine iendelee.

Wanawake wa kuni walipita, watu wakacheka. Mwimbaji wa kukosea maneno alipita, wakacheka zaidi. Kisha msichana akasema mambo yake, mstari kwa mstari, katika spika nne za ukutani. Kicheko kiliisha polepole, kuanzia mbele kwenda nyuma. *Chakula nakula kwao.* *Mmoja tu.* Yule mwanamume akacheka, naye sasa alikuwa peke yake anayecheka.

"Dokta," jaji aliuliza, "mashine imemtambua mwanamke huyu?"

"Haihitajiki, mheshimiwa. Ni mimi."

Ukumbi ukajaa kelele. Somoe alisema juu ya kelele zile, kwa sababu aliogopa kwamba akinyamaza hataanza tena. Alisema kuhusu vipande vitatu na mashine iliyotokana navyo. Alisema alichomjibu mpelelezi. Alisema kuhusu barua nane na majibu yake. Alisema kwamba Jumatatu alikichoma moto kipande cha kwanza cha kielelezo cha mahakama, na hapo mwalimu mmoja aliinuka, akawakusanya wanafunzi wake, akawatoa nje. Somoe aliwaona wakipita, wawili wawili wameshikana mikono, na ile miti yenye masikio vifuani mwao. Mmoja alimkodolea macho mpaka mlangoni.

Wakili wa Mtopwa alisema alichotabiri Tumsifu, karibu neno kwa neno. Na mengi yakatokea kama alivyotabiri. Katika majuma yaliyofuata kesi kumi na tatu za zamani zilifunguliwa upya. Muswada wa mninga ulirudishwa kabatini, na mwaka ule na uliofuata malori yalishuka kutoka milimani yamejaa, mchana kweupe. Mtopwa alifungwa, kwa kuwa jaji aliona mashine iliyomshtaki hata mtengenezaji wake haina upendeleo, lakini alipata miaka mitatu badala ya kumi na mitano. Somoe alipata minne, sawasawa na ya Hemedi. Kampeni iliondoa jina lake kwenye mabango yote, na Tumsifu hakwenda kumwona gerezani isipokuwa mara moja, akakaa dakika kumi, wakazungumza habari za mvua.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Alhamisi ile jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akauliza kama Hemedi Nachinuku yumo ukumbini.

Hemedi alisimama, kofia mkononi.

"Mzee, umesikia. Utaratibu wa kufuta hukumu yako utachukua siku kadhaa, ila nataka uondoke hapa leo ukijua mahakama imesikia. Una neno?"

"Nina ombi, mheshimiwa. Mke wangu yuko nje, barazani. Jengo hili hajaliingia tangu siku niliyohukumiwa, siku ile watu walimcheka kwenye ngazi. Naomba aitwe. Halafu ichezwe tena."

"Yote?"

"Hiyo ya kumi na mbili tu."

Wakili wa Mtopwa alitaka kupinga, jaji akamwonyesha kiganja. Karani akatoka. Walisubiri. Somoe alisimama kando ya mashine yake na watu wote wakimtazama, na hakukuwa na kitu cha kushika.

Bi. Asumini aliingia taratibu, amejifunga kanga mbili, ndala zake mkononi kama anayeingia nyumba ya mtu. Alikuwa amezeeka kuliko Somoe alivyomkumbuka. Hakuja Nangumbe kwa kupenda. Mumewe alimwomba amsindikize tu, bila kumwambia sababu. Karani alimwonyesha kiti cha mbele.

"Cheza, Dokta," jaji alisema.

Kitufe kilikuwa kidogo, cha mviringo. Somoe alikibonyeza, kisha akaona bibi ameinamisha shingo, mkono nyuma ya sikio, akaongeza sauti mpaka mwisho. Msichana akasema tena, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, zamu inaisha Alhamisi adhuhuri, hawezi kunidhania vibaya, ananiita mwanangu, chakula nakula kwao.

Spika ziliponyamaza, Bi. Asumini hakuuliza huyo ni nani. Hakuhitaji kuambiwa. Aligeuka akamtafuta mumewe benchi ya nyuma, akamtazama kwa muda mrefu, midomo inacheza bila sauti. Kisha akamgeukia Somoe.

"Siku hiyo," alisema, "ulipotoka kusema haya. Ulikuja kula kwangu?"

Jaji hakuingilia.

"Nilikuja, mama," Somoe alisema.

"Nikakupa nini?"

"Kisamvu. Ukanipakulia mara ya pili."

Bi. Asumini alitikisa kichwa kukubali, kwamba ndivyo ilivyokuwa. Aliokota ndala zake, akapita katikati ya ukumbi mpaka benchi ya nyuma, akaketi kando ya Hemedi. Wakili wa Mtopwa alikuwa ameshaanza tena kusema. Bibi alimshika mumewe mkono wenye tope kavu kwenye kucha, akauweka mapajani mwake, akaanza kuusafisha kwa ncha ya kanga, kidole kimoja kimoja, huku analia, na hakuinua tena uso kumtazama mtu yeyote.